Madirisha ya Kutazama Uani

Sura ya Nne

Barua ilisomwa saa kumi alasiri, mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Natalia alikuwa amesimama nyuma kabisa, bado na gauni lake jeupe la kazi, wala hakujua kwamba siku hiyo yeye ndiye angeanikwa.

Alikuja kwa sababu jambo lenyewe lilimhusu. Haruni, mfanyabiashara aliyeinukia kwenye biashara ya kamba wa baharini kule Delta tangu kila mtu aruhusiwe kununua na kuuza atakavyo, alikuwa amepata kiwanja katikati ya Kibiti na kutangaza kwamba atajenga ghorofa. Vyumba ishirini na vinne vya kupangisha! Wengine walicheka. Natalia hakucheka. Tangu kampuni ya barabara ya Kusini iingie na madereva wake, mafundi wake na wapishi wake, chumba pale Kibiti kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kwa mwaka mmoja alikuwa amehamishwa nyumba tatu, kila mara kwa maneno yaliyopakwa asali: "Usituelewe vibaya, nesi, kuna mgeni wa kampuni amekitaka chumba." Sasa alilala zahanati, katika chumba cha chanjo, kitanda chake kimebanana na friji la mafuta ya taa. Hata mzazi wake kule Mbinga hakumweleza. Angemwelezaje kwamba serikali imempa kazi, lakini mahali pa kulaza ubavu hana?

"Sisi wakazi wa mtaa huu," alisoma mwenyekiti, Mzee Mwinyimvua, miwani imemshukia puani, "hatulitaki ghorofa hilo. Kwanza, madirisha yake yatatazama ndani ya nyua zetu, mahali wanapooga na kupika wake zetu na mabinti zetu. Pili, vyoo vyake vitakuwa jirani na kisima chetu. Tatu..." Akakohoa. "Tatu, litatuletea watu wa kuja wasio na staha. Wanawake wasio na waume, wanaoingia na kutoka watakavyo, mfano wa yule muuguzi wa zahanati ambaye amekwisha kufukuzwa nyumba tatu kwa tabia yake."

Vichwa vikageuka. Kilianza kimoja, vikafuata vitano, kisha uwanja mzima. Mtu mmoja akacheka puani. Elinipendo, muuguzi mwenzake, akamshika mkono.

"Twende zetu, mwenzangu."

"Siendi."

"Natalia, wanakutazama."

"Waache watazame. Si ndicho walichoitiwa?"

Mwenyekiti aliishusha ile karatasi mezani ili wasiojua kuandika waweke dole gumba. Natalia akaanza kutembea. Watu wakampisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba maji ya moto. Alifika mezani, akaichukua karatasi, akaitazama ile aya ya tatu. Alitaka kuona tu jinsi neno "tabia" linavyoonekana likiandikwa.

Hapo ndipo moyo ulipompasuka.

Aliujua mwandiko ule. Aliijua ile "t" iliyokatwa kwa mstari mrefu kama boriti, na ile "g" yenye mkia unaojikunja. Alikuwa na barua nne za mwandiko uleule chini ya godoro lake, na kila moja ilianza kwa maneno mawili: *Natalia wangu.*

Akainua macho. Nassibu alikuwa amesimama kando ya kiti cha mama yake, Bi Semeni, chokaa ya kazini ingali imemganda vidoleni. Macho yao yakakutana. Kisha Nassibu, fundi mwashi aliyesifika kwa kujenga ukuta ulionyooka kuliko wote wilayani, akainamisha kichwa.

Natalia akairudisha karatasi mezani taratibu, akaondoka.

*

"Natalia! Nisubiri!"

Hakumsubiri. Alishika kijia cha mikorosho kinachokwenda zahanati, viatu vyake vyeupe vikizama mchangani. Nassibu alimfikia kwenye kichuguu, akihema.

"Usinishike."

"Sijakushika."

"Basi usinikaribie."

Nassibu akasimama palepale. Miezi mitano iliyopita aliletwa zahanati nyundo imempasua kidole gumba. Natalia alimshona nyuzi sita, na katika nyuzi zote hizo hakuguna wala hakulalamika, aliuliza tu jina lake. Tangu siku ile Natalia alizoea kuutafuta uso ule katika kila foleni ya wagonjwa. Sasa alitamani asingeujua kamwe.

"Yale ni maneno ya mama," Nassibu alisema. "Wewe wajua mama hajui kuandika. Barua zote za mtaa ule naziandika mimi, tangu nimalize darasa la saba."

"Mkono ulioandika ni wa nani?"

"Wangu. Lakini..."

"Sijakuuliza habari ya lakini. Nakuuliza hivi: ulipofika kwangu, ulifanya nini? Uliiweka kalamu chini? Ulikunywa maji kidogo? Ulikumbuka kwamba huyu ndiye uliyemwambia utamuoa?"

"Hukutajwa jina."

"Nassibu!" Sauti yake iliwarusha ndege mtini. "Wauguzi pale zahanati tuko wawili. Elinipendo ana mume na watoto watatu. Huyo aliyefukuzwa nyumba tatu ni nani? Ni friji?"

Nassibu akajifuta jasho kwa kiganja, chokaa ikamwachia mstari mweupe kipajini. Natalia aliuona mstari ule, na vidole vyake vikataka kwenda kuufuta. Akavichukia vidole vyake.

"Mama amesikia habari zetu," Nassibu alisema polepole. "Sijui kwa nani. Hakuniuliza. Alisubiri siku ya barua, akanikalisha mkekani, akaitamka ile aya ya tatu neno kwa neno. Hakunitazama usoni, Natalia. Alinitazama mkono. Ungetetemeka, angejua yote."

"Na haukutetemeka."

"Haukutetemeka hata kidogo."

Alilisema kama mtu anayengoja kupewa hongera. Kisha akaiona sura ya Natalia, akarudi nyuma hatua moja.

"Nimeiona," alisema Natalia. "Aya nzima imenyooka kama kuta zako. Hakuna neno lililokatwa. Petro alimkana bwana wake kwa mdomo, jogoo akawika, akatoka nje akalia. Wewe umenikana kwa maandishi. Ukatia na nukta mwishoni."

"Ningefanya nini? Haruni ameniahidi usimamizi wa mafundi. Kazi hiyo ndiyo ningekuolea. Mama naye ameapa, nikiweka tofali moja pale hana radhi nami. Nimebanwa huku na huku!"

"Hujabanwa. Umejigawa. Haruni umempa mikono. Mama yako umempa kalamu. Mimi umenipa nini?"

"Moyo wangu," Nassibu alisema.

Siku nyingine yoyote neno lile lingemyeyusha. Siku ile lilimwaga mafuta ya taa motoni.

"Moyo wako hakuna aliyeuona. Kalamu yako wameiona watu mia mbili. Rudi kwa mama yako."

Akaenda zake. Hakugeuka nyuma, na Nassibu hakuthubutu kumfuata. Ndani ya chumba cha chanjo alizitoa zile barua nne chini ya godoro, akaziweka kando ya kiberiti, akakaa akivitazama mpaka adhana ya magharibi. Hakuwasha. Na hilo nalo lilimkasirisha.

*

Jumapili, mara tu alipotoka kanisani, Natalia alikwenda nyumbani kwa Bi Semeni. Hakupita njia ya uchochoroni. Alipita katikati ya mtaa, kila mtu amwone.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," sauti ikamjibu kutoka nyuma. "Pitia ubavuni, mlango wa mbele umefungwa."

Bi Semeni alikuwa ameketi uani, miguu imenyooka mbele yake, anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeletwa Kibiti kutoka vilima vya Umatumbi akiwa mwari, akazika mume na watoto wawili hapohapo. Alipomwona mgeni wake ni nani, vidole havikusita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Mgeni hasimami kwangu, hata akiwa amekuja kugomba."

"Nimekuja kugomba."

"Najua. Kaa ugombe."

Natalia akakaa kwenye ncha ya kibao cha mbuzi, maana hapakuwa na kingine.

"Nimekuja unionyeshe hiyo tabia yangu. Mwaka mzima niko Kibiti. Niambie siku uliyoniona na mwanamume. Niambie siku niliyolewa. Siku niliyomtukana mgonjwa. Moja tu, mama, moja!"

"Sina."

Natalia alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Huna?"

"Sina. Tena binti yangu Zabibu alipojifungua mtoto amekaa vibaya, wewe ndiwe uliyemtoa. Sijasahau. Ndiyo maana sikutaja jina lako."

"Ulinivua nguo mbele ya watu, halafu wataka nikushukuru kwa kuniachia kilemba?"

Bi Semeni akauweka ukili chini. Kwa mara ya kwanza macho yake yakapanda. Yalikuwa macho ya Nassibu, isipokuwa haya hayakujua kuinama.

"Umetaja nguo. Haya, tazama juu. Waona nini?"

"Mbingu."

"Miaka thelathini na minne naoga hapa, chini ya mbingu hiyo. Hapa natwanga nimejifunga kanga moja. Hapa nilimlilia mume wangu, nikatoka nje nimekwisha kulia. Ndani sina nyumba, mwanangu, nina vyumba viwili vya giza. Nyumba yangu ni hapa. Sasa Haruni ataweka madirisha kumi na mawili pale, juu ya mnazi ule. Nikioga, wako juu. Nikifa, nikioshwa, wako juu. Nani atanirudishia sitara yangu? Wewe?"

Natalia aliutazama ule mnazi. Hakuwa amefikiri hivyo. Katika ndoto zake zote za ghorofa lile, yeye alikuwa ndani ya dirisha akitazama nje. Hakuwahi kuwa chini.

"Hapo una haki, mama," alisema. "Hata mimi nisingekubali. Lakini mie naoga kwenye choo cha wagonjwa, mlango wake ni gunia. Mwalimu Stephano na mwenzake wanalala juu ya madawati ya darasa la nne. Sitara yetu sisi ni nani anaililia? Ungesema madirisha, ukaishia hapo, ningeweka dole gumba langu chini ya lako. Mimi si dirisha!"

"Wewe ndiwe dirisha lenyewe!" Bi Semeni alipaza sauti, na jirani aliyekuwa akitwanga upande wa pili akanyamaza. "Mwanangu anachungulia kwako, anaiona Mbinga, anauona mshahara, anaiona dini nyingine. Leo mnaongea mikoroshoni, kesho utapata uhamisho, naye atapanda basi nyuma yako. Mie nitabaki hapa na nani? Na madirisha ya Haruni?"

"Kwa hiyo si tabia yangu. Ni hofu yako."

"Hofu ya mama si kosa."

"Kumzulia mwana wa mwenzio ndilo kosa!"

Walikuwa wamesimama wote wawili, pua kwa pua, pale kivuli cha Nassibu kilipoingia uani. Alikuwa amebeba ndoo ya maji. Akaitua.

"Umefika vizuri," Bi Semeni alisema. "Sema hapahapa, mbele yangu. Huyu ni nani wako?"

Nassibu aliwatazama wanawake wale wawili.

"Ninampenda, mama. Nilikuficha. Ninataka kumuoa."

Natalia alikuwa ameyangoja maneno yale miezi mitano. Aliwahi kuyaota, na katika ndoto alikuwa akilia kwa furaha. Sasa yalimfikia kama chakula kilicholala.

"Ulinichafua mbele ya kata nzima," alimwambia, "unakuja kunisafisha uani, nyuma ya makuti, hasikii mtu. Nassibu, mimi sichumbiwi uani."

Akamgeukia Bi Semeni, akapiga goti kidogo kwa adabu aliyofunzwa kwao. "Nimeshukuru kwa kukaribishwa, mama." Kisha akatoka, na hakuruhusu chozi litoke mpaka alipoupita mtaa wote.

Jumatatu aliandika barua ya kuomba nafasi katika hospitali ya Mchukwi, ambako alisikia wauguzi wana nyumba za kuishi. Jumatano alijibiwa aende.

*

Alhamisi bwana ardhi alikuja kutoka wilayani na mkoba wa ngozi. Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja chenyewe, ng'ambo ya barabara kutoka zahanati. Natalia alisema haendi. Lakini kliniki ya watoto ilikuwa tupu, akina mama wote wamekwenda kusikiliza, na Elinipendo akamvuta.

Haruni alikuwa ametandaza ramani juu ya matofali. Alikuwa mtu mwenye kitambi na haraka.

"Nawajengea mji, mnanipigia kelele za kuku!" alisema. "Hivi mnataka wageni walale wapi? Juu ya miti?"

"Walale kwako!" mwanamke mmoja akajibu, watu wakacheka.

Bwana ardhi akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nassibu akatoka katikati ya wanaume. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Natalia aliliona shati lile, akasogea mbele kidogo.

"Ninalo," alisema. "Barua iliyosomwa Jumamosi niliiandika mimi. Ya madirisha ni kweli, ya vyoo ni kweli. Aya ya tatu ni uongo, na nilijua ni uongo wakati naiandika."

Minong'ono ikaanza. Bi Semeni, aliyeketi mbele, hakusogea.

"Nesi Natalia hakufukuzwa popote kwa tabia. Alitolewa ili waingie watu wa kampuni. Nani hapa hajui? Mzee Mwinyimvua, nyumba ya pili ilikuwa yako. Uliisomaje barua ile bila kucheka?"

Mwenyekiti akaivua miwani, akaanza kuifuta kwa kanzu, akaifuta muda mrefu sana.

"Na wewe, mzee Haruni," Nassibu aliendelea, "nimekwambia mara tatu, geuza vyumba vitazame barabara. Madirisha ya kuchungulia nyua za mama zetu mie sitayajenga. Tafuta fundi mwingine."

"Fundi hanifundishi ramani yangu!" Haruni alikunja karatasi zake kwa hasira. "Mnadhani Kibiti ndiyo dunia? Ikwiriri wananililia! Matofali yangu nayapakia leo, kaeni na nyua zenu!"

Akaingia garini, vumbi likatimka. Vigelegele vikalipuka kiwanja kizima. Watu walikumbatiana kana kwamba ni harusi.

"Mnashangilia nini?"

Natalia hakupanga kusema. Sauti ilimtoka yenyewe, na ilikuwa kali hata bwana ardhi akashtuka.

"Nawauliza, mnashangilia nini? Madirisha mmeyashinda, haya, ilikuwa haki yenu. Chumba kiko wapi? Watoto wenu wanafundishwa na mwalimu anayeamka na alama za dawati mgongoni. Wake zenu wanazalishwa na mtu asiye na pa kuogea. Ghorofa limekwenda Ikwiriri, na mimi kesho nakwenda Mchukwi. Mkiugua mniite kwa hivyo vigelegele vyenu!"

Nassibu alimjia mpaka mbele yake, mbele ya watu wote, akasimama hatua mbili. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Mikono pia.

"Nimesema hadharani," alisema kwa sauti ya chini. "Nimepoteza kazi. Sijui kama ninaye mama. Usiende, Natalia."

Natalia alimtazama. Laiti Nassibu angejua jinsi alivyotaka kuzimaliza hatua zile mbili! Lakini hasira yake ilikuwa imemsimamisha wima siku tano, na hakuwa tayari kuiacha ianguke kwa sababu ya macho mazuri.

"Nimekusikia," alisema. "Bado nimekasirika, na nitaendelea kukasirika kwa muda wangu. Mchukwi nina nyumba. Ina mlango na kufuli. Ukija, uje mchana, uje kwa barabara kubwa. Na uje na mama yako. Bila yeye usipige hodi, sitakufungulia."

Nyuma ya Nassibu, Bi Semeni alikuwa amekwisha kuinuka. Alijifunga vizuri kanga yake, akakung'uta vumbi la kiwanja, akaja polepole, watu wakimpisha.

"Huyu hawezi kunileta popote," alisema, akimnyooshea mwanawe kidole bila kumtazama. "Miguu ni yangu. Nikija, nimekuja mwenyewe. Na usidhani nitakuja kucheka, binti. Mimi sijamaliza kugombana na wewe."

"Njoo na ugomvi wako, mama," Natalia alisema. "Mimi pia wangu haujaisha."

"Nyumba yenyewe ina ua?"

"Inao."

"Umezungushiwa vizuri?"

"Sijauona bado."

Bi Semeni akaguna, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia yake ya kazi. Kisha akamgeukia Nassibu.

"Umesikia? Mwenzio anahamia kwenye ua asioujua, nawe umesimama kama nguzo! Kesho uende naye ukautengeneze. Saa nne za mchana, kwa barabara kubwa. Mie nitafuata na makuti."